Buibui Wote Walihamia Kwangu

Asubuhi moja niligundua kwamba buibui wote wa bonde letu wanaishi kwangu.

Sitanii.

Ulikuwa msimu wa umande. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu kwenye kijia kinachotenga shamba langu na la shemeji, jua ndiyo kwanza linachungulia. Kabichi zangu zote zilikuwa zimefunikwa na tando za buibui, kila utando umebeba matone, zinametameta kama mtu kazitandikia shela.

Upande wa shemeji hakukuwa na hata uzi mmoja.

Kabichi zile zile, mbegu ile ile, kitalu kimoja. Tulipanda wiki moja. Lakini tando ziliishia kwenye kijia, kama zimekatwa kwa kisu.

Nikasimama pale mpaka umande ukakauka.

Wanaonijua wanajua mimi si mwongeaji, ndiyo maana naandika. Ukinikuta njiani ukaniuliza habari hii, nitakwambia "tuyaache," kisha nitakuuliza kama watoto hawajambo.

Mimi nalima kabichi. Shule niliiacha njiani. Haya ya wadudu nimejifunza mwenyewe, kwa redio, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kuchuchumaa shambani nikiangalia nani anamla nani. Nina kioo kimoja kilichobaki kwenye miwani ya marehemu baba, ndicho nakuzia vitu vidogo. Watu wakaanza kuniita Daktari. Ulikuwa utani tu, lakini jina likaganda.

Kikundi chetu kilianzishwa na dada yangu. Mimi namwita Dada, wengine wanamwita Mwenyekiti. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ana kipaji cha kuwakalisha watu pamoja. Alizunguka nyumba kwa nyumba akituomba tuache sumu mashambani.

"Udongo umechoka, na sisi tumechoka," alikuwa anasema.

Tukakubaliana: hakuna kupulizia dawa za dukani. Tutatumia samadi, majivu na mwarobaini. Pembezoni tutapanda haradali, ili wadudu waivamie hiyo waziache kabichi. Na viwavi wakizidi, tutasaidiana kuwaokota kwa mikono.

Kisha tukapata mteja wa maana. Jiko la hospitali.

Mpishi mkuu wa pale alikuwa mama mmoja mkali, mfupi, asiyependa maneno mengi. Alikuwa amechoka kununua mboga asizojua zilikopita. Alikuja mwenyewe kuangalia mashamba, na alipomaliza akashika mkono wangu, si wa Dada.

"Wewe baba, nikuulize. Kule kwangu wengine wametoka kujifungua, wengine figo zimechoka. Hawachagui chakula. Nikiwapa, wanakula. Hizi mboga hazina sumu?"

"Hazina," nikasema.

"Basi nashika neno lako."

Nilirudi nyumbani na neno lile kama mtu aliyebeba yai.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila msimu anakuja mkaguzi, anakata kabichi kama sampuli, anazipeleka maabara. Karatasi ikirudi safi, kikundi kizima kinauza. Ikirudi na sumu, kikundi kizima kinafungiwa.

Sampuli ilikuwa inakatwa kwangu. Kila msimu. Dada alisema ni kwa sababu shamba langu liko karibu na barabara na mkaguzi huwa na haraka. Mimi nilivimba kichwa kidogo, nisiseme uongo.

Tatizo langu lilikuwa moja: viwavi. Wenzangu walikuwa wanapata wachache. Mimi kuna wiki nilikuwa navuna viwavi kuliko kabichi.

Wenzangu hawakunicheka. Walikuja.

Kikundi kizima kinaingia kwangu na makopo, tunaokota kiwavi mmoja mmoja huku tunapiga soga. Anayeongoza kelele ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Kicheko.

"Daktari, huyu mgonjwa wako amenona. Unampa nini?"

"Kabichi yangu."

"Basi mwongezee chai."

"Chai utampa wewe shemeji, awe mgeni wako leo."

"Mgeni wangu mimi hafiki. Kwangu hakuna kitanda."

Watu wanavunjika mbavu. Mke wangu anapita na jagi la maji. Kuna siku niliinua kichwa nikawaona wote wameinama kwenye mistari yangu, migongo imepangana, nikasema moyoni, mtu akiwa na watu kama hawa anataka nini tena.

Siku hiyo naikumbuka kuliko zote. Ndiyo inayoniuma.

Sasa turudi kwa buibui.

Mimi sipendi kumhukumu mtu haraka. Buibui anaweza kuhama kwa sababu zake. Labda ni upepo, labda ni kivuli. Nikajiambia, pima kwanza.

Nikatafuta chupa tupu za jamu. Ndani ya kila chupa nikaweka jani la kabichi, yale ya nje kabisa ambayo hata mbuzi akiyala hakuna anayeuliza. Moja la kwangu, moja la Kicheko, moja la jirani wa upande wa kisima, moja la Dada. Nikafunga uzi wa rangi tofauti kila chupa nisije nikachanganya. Kisha nikachukua viwavi kutoka shambani kwangu, nikawagawa sawasawa, nikatoboa vifuniko, nikazipanga chupa dirishani sebuleni.

"Baba watoto, hawa wageni wanalala hapa?" mke wangu akauliza.

"Mpaka kesho."

Akaja karibu, akaziangalia.

"Uzi mwekundu ni wa nani?"

"Wa Dada."

Akarudi kukunja nguo.

Kesho yake, viwavi wa chupa yangu walikuwa wametoboa jani mpaka likawa kama chujio. Wa chupa nyingine zote walikuwa chini, wamejikunja, wamekakamaa. Hata wa uzi mwekundu.

"Labda walikuwa wagonjwa," mke wangu akasema nyuma yangu.

"Wote?"

"Wadudu nao wanaugua."

Nilidhani ananifariji.

Nikarudia na majani mengine, maana kitu kikitokea mara moja huwa sikiamini. Yakawa yale yale.

Nikaenda kukaa shambani, nikawa naitazama ile haradali ya pembeni. Hatuipandi tuile. Tunaipanda ili wadudu wakimbilie huko na kabichi zipone. Kumbe wenzangu walikuwa wanapulizia, nondo wanaozaa viwavi wanatimuliwa, na mahali pekee palipobaki pa kukimbilia palikuwa kwangu.

Haradali ya bonde zima ilikuwa mimi.

Dada nilimkuta kwenye banda la kupangia mboga, peke yake, anaosha kreti. Nikaweka ile chupa ya uzi mwekundu juu ya mzani, mbele yake.

Akaiangalia. Akafunga bomba la maji.

"Umemwambia nani?"

Hakuuliza hiki ni nini. Aliuliza nimemwambia nani. Nikavuta kreti, nikakalia.

"Tangu lini, Dada?"

"Tangu ule msimu wa pili, viwavi walipotumaliza. Si unakumbuka? Wewe ulibaki na kabichi kidogo, sisi tukabaki na mashina. Watu walinijia mlangoni, mdogo wangu. Watu niliowaambia mimi, kwa mdomo wangu, waache dawa. Ningewajibu nini?"

"Ungewaambia tuvumilie, tutafute njia."

"Njaa haisikilizi hotuba."

"Na wagonjwa?"

"Huwa tunasubiri kabla ya kukata. Dawa inaisha nguvu."

"Siku zote mnasubiri?"

Akachukua brashi, akaanza kusugua kreti ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Gari likija mapema tufanyeje," akasema taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Usiniulize hivyo."

"Kicheko?"

"Kicheko ndiye mwenye bomba la kupulizia. Anazunguka mashamba yote zile siku unapokwenda na gari hospitali."

Nilikuwa nasindikiza gari kila safari, kwa sababu mpishi alipenda kupokea mboga kutoka mikononi mwangu. Nilikuwa naona ni heshima.

"Na mimi kwa nini hamkuniambia?"

Dada akaweka brashi chini.

"Kwa sababu hujui kudanganya. Tangu utoto. Ukivunja kikombe, kabla sijauliza umeshasema. Mkaguzi akikuangalia usoni anaridhika kabla hajafika maabara. Tulihitaji mtu mmoja wa kweli, na mtu wa kweli hatengenezwi."

"Kumbe mlikuwa mnakuja kuokota viwavi kwangu ili sampuli isiharibike."

"Tulikuja kwa sababu hiyo." Akaichukua tena brashi. "Lakini tulikuwa tunapenda kuja. Hilo nalo ni kweli."

Afadhali angeliacha hilo la mwisho.

Nikamwomba. Nikamwambia twende kwa mpishi pamoja, tuseme ukweli, tusimame msimu mmoja, tuanze upya mashamba yote kwa mpangilio. Nitawafundisha nilichojifunza. Nitaokota viwavi kwa kila mtu.

"Tukisimama tutakula nini?" akaniuliza. "Nenda nyumbani ukalale, Daktari. Mkaguzi anakuja keshokutwa."

Sikulala, lakini sikugombana pia. Mimi ugomvi siuwezi. Nilichoweza ni kukata kabichi.

Asubuhi nikakata shamba zima. Mke wangu akatoka, akasimama kwenye kijia.

"Unakata zote?"

"Zote."

"Hata changa?"

"Hata changa. Nimekuachia mbili jikoni, za watoto."

Nikamwambia sababu. Nikamweleza kila kitu, kuhusu chupa, kuhusu Dada, kuhusu kaka yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniletea maji ya kunywa.

Dereva mmoja wa kigari cha mizigo akazibeba kabichi, tukaziacha sokoni, kisha akanipeleka hospitali. Jiko la pale lina masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani, na mvuke haukatiki. Mpishi mkuu akatoka akifuta mikono kwa aproni.

"Leo si siku yenu, baba."

"Leo nimekuja peke yangu, mama."

Nikamwambia. Kila neno lilitoka kwa shida, maana nilikuwa namtaja dada yangu. Nikamwomba zile kabichi za wenzangu zilizoko ghalani asizipike kwanza. Kesho mkaguzi anakuja, kwangu hatakuta cha kukata, atakata kwao. Maabara itasema yenyewe.

Akatazama kuelekea ghalani.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Haya. Zitakaa. Karatasi ikija na sumu, hao nawafuta, wewe utabaki. Ikija safi…"

"Haiwezi kuja safi," nikamkata kauli.

Mkaguzi akaja kama alivyopangiwa. Mwanamke mchovu, viatu vimejaa tope la mashamba aliyotoka, na wingu la mvua linamfuata kwa nyuma. Kikundi kizima kilikuwa kimekusanyika mbele ya nyumba yangu. Dada alipoliona shamba langu, tupu, mashina tu, hakubadilika sura. Kicheko ndiye aliyeishiwa utani.

"Nitakata wapi leo?" mkaguzi akauliza.

"Kata kwa wengine, mama. Shamba lolote. Kata kwa Mwenyekiti."

"Kwa nini kwa Mwenyekiti?"

Kabla sijajibu, mlango wa nyumba yangu ukafunguliwa.

Mke wangu akatoka jikoni amezikumbatia zile kabichi mbili za watoto, moja kila mkono.

"Zimebaki hizi," akamwambia mkaguzi. "Zimekatwa jana kwenye shamba hili hili. Muulize mwenyewe."

Mkaguzi akanigeukia. "Ni zako?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na walijua. Walijua nitajibu nini kuliko nilivyojua mimi.

"Ni zangu."

"Zimepuliziwa dawa?"

"Hazijapuliziwa. Lakini za wenzangu…"

"Msamehe ndugu yangu," Dada akaingilia, kwa upole kabisa, na mkono akaniwekea begani. "Tuna mvutano wa mpaka wa shamba alilotuachia baba. Ndiyo maana jana amekata zote kwa hasira. Anataka na sisi tukose."

Hatukuwa na mvutano wowote wa mpaka. Baba alipanda miti kwenye mpaka ule sote tukiwa watoto.

"Si kweli," nikasema. "Mama, nakuomba, kata hata jani moja kwa…"

Tone la kwanza la mvua likamdondokea mkaguzi kwenye paji la uso.

"Ya familia yamalizeni wenyewe," akasema. "Mimi nina vikundi vingine vya kupitia."

Akazitia zile kabichi mbili kwenye mfuko, akaufunga na lakiri yake, akaondoka.

Karatasi ilikuja safi. Ingekujaje vinginevyo? Zilikuwa kabichi zangu.

Nikarudi kwa mpishi. Safari hii hakutoka nje, nilimfuata kwenye mvuke.

"Umeiona karatasi, baba?"

"Nimeiona. Lakini zile sampuli…"

"Nilikuamini," akasema. Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. "Nimeacha mboga za wenzako zinanyauka ghalani kwa neno lako. Wagonjwa wangu wamekula wali mkavu. Kumbe ulikuwa unataka kuniuzia peke yako."

"Mama, nakuapia."

"Mwanzoni hukuniapia. Ulisema tu 'hazina', nikakuamini. Mtu akianza kuapa, mimi naangalia mlango."

Akaniangalia, kisha akauangalia mlango.

Ofisi ya mkaguzi nayo niliifikia. Kijana wa mapokezi alinifungulia faili, akanionyesha: safi, safi, safi, misimu yote. "Kikundi chenu ni mfano wa kuigwa, mzee. Una malalamiko gani?"

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Nikakaa mkabala naye. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nataka kuelewa, kama ninavyotaka kuelewa mdudu nisiyemjua.

"Kwa nini, mama watoto?"

"Kicheko ni kaka yangu. Mama yangu anaishi kwake. Ulitaka niwatoe wote nje kwa ajili ya neno lako?"

"Neno lile ni la wagonjwa."

"Wagonjwa wako siwajui. Hawa nawajua."

Haikuwa hoja ya kipuuzi. Nimeigeuza kichwani mara nyingi tangu siku hiyo na bado sijapata pa kuishikia.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Aliendelea kuchambua. Jani zuri huku, jani bovu kule.

"Unadhani Kicheko alikuwa anajuaje zile siku unazosafiri na gari?"

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa ananiuliza kila jioni, akiwa ananitengea chakula: kesho unakwenda, au upo?

Tungali tunaishi nyumba moja. Tunakula meza moja. Simchukii, na Dada simchukii. Nikimwona Kicheko ananisalimia "shikamoo Daktari" kwa utani wake ule ule, namwitikia. Hospitali bado wananunua kwao. Nasikia siku hizi wametenga mistari miwili mitatu nyuma ya nyumba ya Dada, haipuliziwi kamwe, ndiyo ya mkaguzi.

Mimi nauza kando ya barabara. Mteja akisimama huwa ananiuliza, "Hizi zina dawa?" Nami namwambia hazina. Ananiangalia usoni, anacheka kidogo.

"Kila mtu anasema hivyo, mzee."

Kwa hiyo wewe unayesoma hii, hasa kama ni mkulima na uko kwenye kikundi, nina moja tu la kukuachia. Kilimo safi hakiwezi kulimwa na mtu mmoja. Wadudu hawajui mpaka, sumu haijui mpaka, na mnunuzi anakula sahani moja kutoka mashamba yenu yote. Mkaguzi akija, msimchagulie shamba. Pigeni kura mbele yake, na kura ikimwangukia mkubwa wenu, akakate kwa mkubwa wenu.

Na ukiona wenzako kila mara wanakuja kwako kukusaidia, wanacheka na wewe, wanainama na wewe, washukuru. Wape maji ya kunywa.

Halafu siku moja chukua kopo lako uwaambie: leo twendeni kwenu.